Mazoezi ya Viungo, Hamu ya Chakula na Uzito wa Mwili

Si ajabu siku hizi, hasa katika miji yetu mikubwa, kuwaona asubuhi na mapema watu wa makamo wakikimbia polepole kando ya barabara, jasho likiwatiririka. Wengi wao hawajiandai kwa mashindano yoyote. Wameambiwa na daktari kwamba uzito wao umezidi, kwamba shinikizo la damu limeanza kupanda, na kwamba hawana budi kupungua. Baada ya miezi miwili au mitatu hupanda juu ya mizani, na mara nyingi mizani huwaonyesha kwamba wamepungua kilo moja, au nusu kilo, au hawakupungua kabisa. Hapo ndipo wengi huvisukuma viatu vya mazoezi uvunguni mwa kitanda na kusema kwamba unene wao ni wa kurithi, na kwamba kukimbia hakusaidii kitu.

Uamuzi huo una hasara kubwa, nao hutokana na kutojua jambo moja la fiziolojia. Mwili wa binadamu si pipa lenye matundu mawili yasiyojuana, moja la kuingizia nishati na jingine la kuitolea. Tundu moja likipanuliwa, jingine hupata habari. Makala hii yakusudia kueleza jinsi habari hiyo inavyopelekwa, yaani jinsi mazoezi yanavyoigusa hamu ya chakula, na kwa nini mizani haisemi yote yaliyotendeka mwilini. Mwalimu wa biolojia ataweza kuitumia pamoja na masomo ya lishe na homoni. Mwalimu wa hisabati naye ana lake humu.

HESABU YA NISHATI

Tumchukue mtu mzima mwenye uzito wa kilo 70. Akiwa ameketi kimya, hutumia takriban kalori 70 kwa saa. Neno kalori humu lina maana ile ya wataalamu wa lishe: ni kiasi cha joto kinachotosha kupandisha halijoto ya kilo moja ya maji kwa digrii moja ya Sentigredi, nacho ni sawa na kilojuli 4.2 hivi. Mtu huyo akitembea kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, hutumia kiasi cha kalori 245 kwa saa. Watu wengi husimama hapo na kudai kwamba wamechoma kalori 245. Hiyo si hesabu ya haki, kwa sababu 70 kati ya hizo angalizitumia hata kama angalibaki kitini. Matembezi yenyewe yameongeza kalori 175 tu.

Kilo moja ya mafuta ya mwilini, pamoja na maji kidogo na tishu inayoyashikilia, imehifadhi nishati ya kalori 7,700 hivi. Mtu wetu akitembea saa moja kwa siku, siku tano kila juma, atakuwa ametumia kalori 875 za ziada kwa juma. Gawanya 7,700 kwa 875: atahitaji karibu majuma tisa ili apungue kilo moja. Kwa mwaka mzima angepungua chini kidogo ya kilo sita.

Sasa tutazame upande wa pili. Soda tamu ya mililita 350 huwa na sukari ya gramu 35 au zaidi, na kila gramu ya sukari hutoa kalori 4. Vijiko vikubwa viwili vya mafuta ya kupikia vina kalori 250 hivi, kwa kuwa kila gramu ya mafuta hutoa kalori 9. Hivyo, mtu anayemaliza matembezi yake na kujiburudisha kwa soda moja na andazi moja amekwisha kurudisha yote aliyoyatumia, na huenda amezidisha. Kutembea kulimchukua saa moja. Kula na kunywa kulimchukua dakika tano. Hilo ni jambo la kwanza ambalo mwanafunzi apaswa kulielewa: binadamu ni mashine yenye matumizi madogo ya fueli. Kwa mababu zetu waliotafuta chakula kwa miguu hiyo ilikuwa neema.

Lakini hesabu hii ina kasoro yake. Mwaka 1958 daktari mmoja wa Marekani, Max Wishnofsky, aliandika kanuni iliyopata umaarufu mkubwa, kwamba kila upungufu wa kalori 3,500 humpunguzia mtu ratili moja ya uzito. Kanuni hiyo imenakiliwa katika vitabu vingi vya lishe, na hata leo ingalipo katika mashine za mazoezi na programu za simu. Imejengwa juu ya dhana kwamba mtu akizidisha kazi, kila kitu kingine kitabaki kama kilivyokuwa: atakula vilevile, atalala vilevile, moyo na ini vitatumia nishati ileile. Dhana hiyo si kweli, na sehemu iliyobaki ya makala hii ni maelezo ya namna inavyokosea.

PANYA WA MAYER NA WAFANYAKAZI WA KIWANDA CHA JUTI

Mtafiti wa kwanza kuliangalia suala hili kwa makini alikuwa Jean Mayer, Mfaransa aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 1954 yeye na wenzake walitangaza matokeo ya majaribio ya panya waliolazimishwa kukimbia juu ya mkanda unaozunguka, kila kundi kwa muda wake. Mtu angetazamia kwamba panya aliyekaa bure atakula kidogo kuliko wote. Sivyo ilivyokuwa. Panya waliokimbia kwa muda mfupi, kiasi cha saa moja au chini ya hapo kwa siku, walikula kidogo kuliko wale waliokaa bure. Waliokimbia zaidi ya hapo walianza kula zaidi, na chakula chao kikaongezeka sambamba na kazi, huku uzito wao ukibaki pale pale.

Miaka miwili baadaye, yaani mwaka 1956, Mayer na wenzake walichapisha uchunguzi juu ya wafanyakazi 213 wa kiwanda cha juti katika jimbo la West Bengal nchini India. Kiwanda kimoja kilikuwa na watu wa kazi za kila namna: wenye vibanda vya biashara na wasimamizi walioketi kutwa, makarani, mafundi wa mitambo, hadi wabebaji wa marobota ya juti. Kwa wale waliofanya kazi kuanzia ya wastani hadi nzito, chakula kililingana na kazi: aliyefanya kazi zaidi alikula zaidi, na uzito wa miili yao haukutofautiana sana. Lakini wale walioketi kutwa hawakuwa mwanzo wa mstari huo. Walikula kiasi kikubwa, karibu sawa na wafanyakazi wa kazi nzito, nao ndio waliokuwa wazito kuliko wote.

Mwalimu akichora grafu ya matokeo hayo ubaoni, kazi ikiwa kwenye mhimili wa mlalo na chakula kwenye mhimili wa wima, atapata mchoro unaofanana na herufi J iliyolala kidogo: unashuka kwanza, kisha unapanda. Mayer aliufasiri hivi. Mfumo unaolinganisha chakula na kazi uliumbika katika viumbe wanaotembea. Mwili ukiwa katika shughuli, mfumo huo hufanya kazi vizuri; mwili ukikaa kitako kutwa, usukani hulegea, na hamu ya chakula haishuki pamoja na mahitaji.

Yafaa tuwe waangalifu hapa. Wasimamizi na wenye vibanda hawakutofautiana na wabebaji kwa kazi peke yake. Yaelekea walikuwa pia na fedha zaidi za kununulia chakula, na katika jamii nyingi, zetu zikiwamo, tumbo kubwa lilihesabiwa kuwa dalili ya heshima. Uchunguzi wa kulinganisha watu wa namna mbalimbali kwa wakati mmoja hauwezi kutenganisha mambo hayo. Hata hivyo tafiti nyingi za baadaye, zilizofanywa kwa mbinu bora zaidi, zimeelekea upande uleule: watu wenye shughuli za mwili hupima chakula chao kwa usahihi zaidi kuliko wasio nazo. Ukimpa mtu wa mazoezi uji mzito kabla ya mlo bila yeye kujua kiasi cha nishati kilichomo, hupunguza mlo unaofuata. Mtu anayekaa kitako hupunguza kidogo, au hapunguzi.

MARA BAADA YA KUKIMBIA

Kila aliyewahi kukimbia mbio za kasi anajua kwamba baada ya kufika mwisho hatamani chakula. Atatamani maji, na kivuli. Kwa muda mrefu jambo hili lilielezwa kwa sababu moja tu, kwamba wakati wa mazoezi damu huondolewa tumboni na kupelekwa kwenye misuli na ngozi. Sababu hiyo ina ukweli ndani yake, lakini haitoshi.

Mwaka 1999 wanasayansi wa Kijapani, Masayasu Kojima na Kenji Kangawa pamoja na wenzao, waligundua homoni inayotengenezwa hasa na tumbo lenyewe, nayo ikaitwa grelini. Hupanda katika damu kabla ya chakula, hufika kwenye sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi, na huamsha njaa. Upande wa pili ziko homoni za utumbo zinazoleta shibe, miongoni mwao peptidi YY na ile iitwayo GLP-1. Mazoezi makali, kwa mfano kukimbia kwa bidii nusu saa au zaidi, hushusha ile grelini yenye nguvu ya kuamsha njaa na kupandisha homoni za shibe. Ndiyo maana njaa hupungua. Matembezi ya taratibu hayaleti badiliko kubwa la namna hiyo.

Mwaka 2022 iliongezeka habari nyingine ya kuvutia. Watafiti wa Marekani walitangaza kwamba wakati wa mazoezi makali mwili huunganisha lakteti, ile iliyozoeleka kulaumiwa kwa uchovu wa misuli, na asidi-amino ya fenilalanini, ikapatikana kemikali mpya katika damu. Waliiona katika panya, katika farasi wa mashindano, na katika binadamu, ikiwa nyingi zaidi baada ya mbio fupi za kasi. Panya walionenepeshwa kwa chakula chenye mafuta walipodungwa kemikali hiyo, chakula walichokula katika saa 12 kilipungua karibu nusu. Panya wembamba hawakuathirika hivyo. Bila shaka wafanyabiashara watatuuzia vidonge vya jina hilo kabla wanasayansi hawajamaliza kazi yao. Msomaji akumbuke kwamba jaribio la sindano lilifanyika kwa panya.

Shibe hii ya mazoezi haidumu. Kwa kawaida homoni hurudi katika hali yake ndani ya saa moja au mbili, na njaa hurudi nayo. Lakini hapa pana jambo lenye manufaa. Njaa inaporudi, kwa watu walio wengi hairudi ikiwa imezidi ile ya siku ya mapumziko. Katika majaribio mengi, mlo unaofuata mazoezi hauwi mkubwa kuliko mlo wa siku isiyo na mazoezi. Kwa siku ile moja, basi, mtu hubaki na upungufu wa nishati. Yule asemaye kwamba "nikikimbia nitakula mno" mara nyingi huongozwa zaidi na imani yake kwamba amestahili zawadi kuliko tumbo lake. Waogeleaji katika maji ya baridi ni kundi la pekee: baridi huwaongezea hamu ya chakula, na wengi wao hutoka majini wakiwa na njaa ya kweli.

BAADA YA MAJUMA MENGI

Ikiwa siku moja huacha upungufu, kwa nini miezi mitatu haitoi jumla ya pungufu hizo? Jibu ni kwamba mwili hauhesabu kwa siku. Mwaka 1955 O. G. Edholm na wenzake nchini Uingereza walichapisha vipimo vya wanafunzi 12 wa chuo cha kijeshi, ambao kazi yao na chakula chao vilipimwa kwa majuma mawili. Walipolinganisha kazi ya siku na chakula cha siku hiyohiyo, hawakuona uhusiano wowote. Walipolinganisha wastani wa majuma mawili, uhusiano ulijitokeza wazi: waliofanya kazi zaidi walikula zaidi. Mwili hulipa deni lake la nishati, ila haulipi papo hapo.

Uchunguzi unaostahili kujadiliwa darasani zaidi ya wote, kwa maoni yangu, ni ule uliochapishwa mwaka 2008 na Neil King, John Blundell na wenzao wa Chuo Kikuu cha Leeds. Watu 35 wenye uzito uliozidi, wanaume na wanawake, walifanya mazoezi chini ya usimamizi siku tano kila juma kwa majuma 12. Kila kipindi kilipimwa ili mtu atumie kalori 500. Hakuna aliyeweza kudanganya kwamba amekimbia.

Mwanafunzi na afanye hesabu: 500 mara 5 mara 12 ni kalori 30,000. Gawanya kwa 7,700, utapata kilo 3.9. Na wastani wa uzito waliopungua watu wale ulikuwa kilo ngapi? Kilo 3.7. Mtu mwenye haraka angefunga daftari lake hapo na kusema kwamba hesabu ya kanuni ya zamani imethibitika. Lakini watafiti hawakuishia kwenye wastani. Walimtazama mtu mmoja mmoja, wakakuta kwamba mmoja alipungua kilo 14.7, na mwingine, aliyefanya mazoezi yaleyale kwa majuma yaleyale, aliongezeka kilo 1.7. Wote wengine walikuwa katikati. Wastani ule ulikuwa umewaficha watu.

Waliopungua kidogo hawakuwa wavivu, kwa kuwa mazoezi yao yalisimamiwa. Tofauti ilionekana katika njaa na chakula: hao walikuwa wameongeza kula, na njaa yao ya siku nzima ilikuwa imepanda. Katika uchunguzi mwingine wa kundi hilohilo la wanasayansi ilionekana kwamba mazoezi ya majuma mengi hufanya mambo mawili yanayovutana. Kwanza, njaa ya asubuhi, kabla mtu hajatia kitu kinywani, huongezeka. Pili, kifungua kinywa kilekile kilichopimwa hushibisha zaidi kuliko kilivyoshibisha kabla ya majuma ya mazoezi. Kwa mtu mmoja jambo la kwanza hushinda, kwa mwingine la pili. Hapa pia ndipo homoni ya leptini, iliyogunduliwa na Jeffrey Friedman na wenzake mwaka 1994, inapoingia. Hutolewa na mafuta yenyewe. Mafuta yakipungua, leptini hushuka, na haipothalamasi huisoma hali hiyo kama dalili ya ukame na kudai chakula.

USHAHIDI KUTOKA ZIWA EYASI

Hamu ya chakula siyo njia pekee ya mwili kujifidia. Ushahidi wa njia nyingine umepatikana hapa Tanzania, na wanafunzi wetu hawana budi kuujua.

Wahadza wanaoishi kando ya Ziwa Eyasi ni miongoni mwa watu wachache duniani ambao baadhi yao bado hupata chakula chao kwa kuwinda, kurina asali, kuchuma matunda na kuchimba mizizi. Wanaume hutembea takriban kilomita 11 kwa siku, wanawake takriban kilomita 6, na mizizi haichimbuki bila jasho. Mwaka 2012 Herman Pontzer wa Marekani na wenzake, miongoni mwao Audax Mabulla, mtaalamu wa akiolojia wa Tanzania, walichapisha vipimo vya nishati waliyotumia Wahadza 30.

Mbinu yenyewe ni somo zuri la kemia. Mtu hunywa maji ambamo baadhi ya atomu za haidrojeni na za oksijeni ni isotopu nzito zisizo na mionzi. Haidrojeni nzito hutoka mwilini kwa njia ya maji tu: mkojo, jasho na mvuke wa pumzi. Oksijeni nzito hutoka kwa maji na vilevile kwa hewa ya kaboni dayoksaidi. Kwa kupima mkojo kwa siku kadhaa, mtafiti huona jinsi isotopu hizo mbili zinavyopungua. Tofauti ya kasi zao humpa kiasi cha kaboni dayoksaidi iliyotolewa, na kutokana nayo hukokotoa nishati yote iliyotumika. Mhusika anaendelea na maisha yake, bila kufungiwa maabara.

Matokeo yaliwashangaza hata watafiti. Baada ya kuzingatia ukubwa wa miili, jumla ya nishati waliyotumia Wahadza kwa siku haikutofautiana na ile ya watu wa mijini huko Ulaya na Marekani wanaokaa ofisini na kwenda kwa magari. Pontzer alieleza kwamba mwili uliozoea kazi nyingi hubana matumizi mahali pengine, mahali ambapo hatupaoni: katika shughuli za kinga, katika homoni za mfadhaiko, na katika zile za uzazi. Maelezo hayo yangali yakibishaniwa. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2021, uliowahusisha watu wazima zaidi ya 1,700, ulikadiria kwamba kwa wastani asilimia 28 ya nishati inayotumiwa kwa shughuli za ziada hufidiwa kwa kubana matumizi mengine. Mwanafunzi anaweza sasa kuirudia ile hesabu ya mtu wa kilo 70. Zile kilo sita za mwaka zinakuwa kilo nne na robo hivi, kabla hata hatujahesabu chakula alichoongeza.

Kwa nyongeza, katika mwaka uohuo wa 2021 vipimo vya watu zaidi ya 6,400, kuanzia watoto wachanga hadi wazee wa miaka 95, vilionyesha kwamba umetaboli wa mwili, ukilinganishwa na ukubwa na umbo la mwili, haubadiliki kati ya umri wa miaka 20 na 60. Sisi watu wa makamo tumepoteza kisingizio kimoja kizuri.

MIZANI HAIPIMI MOYO

Je, daktari alikosea kumwambia mgonjwa wake akimbie? Hata kidogo. Kosa ni kuipa mizani haki ya kutoa hukumu.

Mwaka 1953 Jeremy Morris na wenzake walichapisha uchunguzi wa wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva waliketi kutwa; makondakta walipanda na kushuka ngazi za basi siku nzima. Madereva walipatwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo zaidi ya makondakta, na vifo vya ghafla vilikuwa vingi zaidi miongoni mwao. Tangu hapo ushahidi umeendelea kulundikana. Msuli unaofanya kazi hufyonza sukari kutoka katika damu hata bila msaada mkubwa wa insulini, na baada ya mazoezi huwa mwepesi wa kuitii insulini kwa muda wa siku moja au mbili. Shinikizo la damu hushuka. Mafuta yaliyozunguka ini na utumbo, ambayo ndiyo yenye madhara makubwa, hupungua hata pale ambapo uzito wote haujabadilika. Mtu aliyeacha kukimbia kwa sababu mizani haikushuka ameyatupa yote hayo, naye hajui kwamba alikuwa nayo.

Mazoezi yana kazi yake pia katika uzito wenyewe, ila kazi hiyo iko mahali pengine. Kwa kupunguza uzito, chakula kina nguvu zaidi. Kwa kuuzuia uzito uliopungua usirudi, mazoezi ni muhimu sana. Huko Marekani liko daftari la kitaifa lililoanzishwa mwaka 1994, ambamo wameandikwa maelfu ya watu waliopungua sana na wakadumu hivyo; walio wengi hufanya mazoezi ya kiasi cha saa moja kila siku, hasa ya kutembea. Tena anayepunguza chakula bila mazoezi hupoteza misuli pamoja na mafuta. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linapendekeza dakika 150 hadi 300 za shughuli za wastani kwa juma kwa watu wazima, na wastani wa dakika 60 kila siku kwa watoto na vijana.

Hapa ni lazima niseme neno juu ya wanafunzi wenyewe. Kijana wa shule ya sekondari anakua. Mifupa yake ingali ikijengwa. Mwanafunzi wa bweni atembeaye na kucheza mpira kutwa, na chakula chake kikiwa ugali na maharage, mara nyingi huwa na tatizo la upungufu wala si la wingi. Msichana anayekimbia sana huku akijinyima chakula ili apungue anaweza kukosa hedhi, na mifupa yake ikadhoofu, kwa sababu mwili wake unabana matumizi ya uzazi na ujenzi kwa njia ileile tuliyoieleza. Mwalimu akiona dalili hizo ampeleke kwa mganga. Na tuache desturi ya kuwakimbiza wanafunzi kuzunguka uwanja kama adhabu. Ni vigumu kumshawishi mtu mzima apende jambo alilofundishwa utotoni kwamba ni mateso.

JARIBIO LA DARASANI

Jaribio lifuatalo halihitaji chombo chochote isipokuwa rula, karatasi na saa. Kila mwanafunzi achore mistari kadhaa ya milimita 100, kila mmoja katika karatasi yake. Mwisho wa kushoto paandikwe "sina njaa kabisa", mwisho wa kulia "sijapata kuwa na njaa kama hii". Kuonyesha njaa yake, mwanafunzi hutia alama mahali popote juu ya mstari, na umbali kutoka kushoto hupimwa kwa milimita.

Jaribio lifanywe kwa siku mbili, zikipishana kwa siku kadhaa. Siku zote mbili wanafunzi wale kifungua kinywa kilekile, kiasi kilekile, saa ileile. Baada ya saa mbili, siku moja wakimbie kwa nusu saa. Siku nyingine waketi na kusoma kwa nusu saa. Nusu ya darasa ianze na siku ya kukimbia na nusu nyingine na siku ya kusoma, ili mazoea yasije yakaharibu ulinganisho. Alama zitiwe kabla ya kuanza, mara baada ya kumaliza, kisha baada ya nusu saa, saa moja na saa mbili. Karatasi zikusanywe kila mara, ili mwanafunzi asiione alama yake ya nyuma. Wagonjwa, wenye pumu isiyotulia na wanaofunga wawe waandishi wa matokeo. Uzito wa mtu yeyote usipimwe. Hauhusiki na jaribio, na kuutangaza mbele ya darasa ni kumwaibisha mwenzao bure.

Kwanza darasa lichore grafu ya wastani wa siku zote mbili. Kisha, juu ya karatasi nyingine, uchorwe mstari wa kila mwanafunzi peke yake, na karatasi hizo mbili zitundikwe pamoja ukutani. Mwalimu asiwaambie mapema wanachotazamiwa kukiona. Baadhi watakuta njaa imeshuka na kurudi, baadhi hawataona badiliko, na huenda mmoja au wawili wakaona njaa imepanda tangu mwanzo. Alama za hao wasifutwe kwa kudhaniwa kuwa ni makosa. Waulizwe walikimbia kwa kasi gani, na walilala saa ngapi usiku uliotangulia.